Hati safi ya ukaguzi, lakini dawa hakuna: tuisomeje taarifa ya mwaka ya baraza la wilaya?

Mkazi wa Mpakani aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaishi katika wilaya moja ya mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa kusoma hesabu za serikali. Hivi karibuni tulialikwa kwenye ukumbi wa sabukaunti, ngazi iliyo chini ya wilaya, kusikiliza taarifa ya utendaji ya baraza letu la wilaya kwa mwaka wa fedha uliokwisha tarehe 30 Juni. Mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza hilo la wilaya, alisoma kwa fahari kwamba wilaya imepata hati safi kutoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwamba fedha za serikali kuu ziliingia karibu zote, na kwamba madarasa, visima na barabara zilizopangwa zilitekelezwa kwa kiwango cha kuridhisha. Ukurasa wa mwisho hakuusoma. Nakala yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya wavu wa kuku, na inaonyesha kwamba sehemu ya fedha za mishahara na za ujenzi ilirudishwa Hazina.

Hatua chache kutoka kwenye ubao huo kuna kisima ambacho mkono wa pampu yake umefungwa kwa kamba ya katani tangu msimu uliopita wa mahindi. Katika kituo chetu cha afya cha daraja la tatu, mgonjwa wa malaria hupimwa, huandikiwa karatasi, kisha huelekezwa kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Je, hati safi ina maana gani ikiwa huduma ndizo hizi? Fedha za mishahara zinarudije Hazina wakati sisi tunakosa wauguzi? Na ni mambo gani tunayopaswa kuyadai kwa baraza la wilaya, na yapi tuyapeleke kwingine? Sipendi kusimama kwenye mkutano ujao nikamfokea mtu asiyehusika.

Mhasibu Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkazi, nilifanya kazi katika idara ya fedha ya wilaya hadi nikastaafu, na kwa maelezo yako mwenyekiti wenu hakusema uongo. Alichagua tu yanayopendeza. Hati ya Mkaguzi Mkuu hujibu swali moja: je, hesabu zilizoandikwa na wilaya zinaonyesha kwa haki, katika mambo yote makubwa, fedha zilizopokelewa na jinsi zilivyotumika? Jibu likiwa ndiyo, hati ni safi. Kukiwa na kasoro kubwa zenye mipaka, hati huwa na shaka. Kasoro zikienea katika hesabu nzima, hati ni mbaya. Na mkaguzi akikosa nyaraka kiasi cha kushindwa kuamua, hukataa kutoa maoni. Katika swali hilo hakuna mahali anapoulizwa kama pampu inatoa maji. Wilaya inaweza kuchimba kisima pasipo na maji ya kutosha, ikaandika gharama sahihi, ikatunza kila stakabadhi, na hesabu zake zikawa safi kabisa.

Hata hivyo usiidharau ripoti yenyewe, maana yenye manufaa kwako yako baada ya ukurasa wa hati. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015, CAO, yaani afisa mkuu wa utawala wa wilaya, ambaye ndiye anayewajibika kwa hesabu zake, huzipeleka kwa mkaguzi ndani ya miezi miwili baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia 31 Agosti, na Mkaguzi Mkuu huwasilisha ripoti yake Bungeni kufikia 31 Desemba. Katika ripoti za wilaya za miaka ya karibuni kuna sehemu inayolinganisha kazi zilizopangwa na zilizofanyika, ikieleza zipi zilikamilika, zipi ziliishia njiani na zipi hazikuguswa. Isome sehemu hiyo ukiwa na taarifa ya mwenyekiti mkononi, uone kama maneno "kiwango cha kuridhisha" bado yanasimama.

Kuhusu fedha zilizorudi, sheria hiyo hiyo inaagiza kwamba fedha zisizotumika hadi 30 Juni zirudi katika mfuko mkuu wa serikali. Kwa hiyo zabuni ikicheleweshwa hadi Machi na mvua ikamkuta mkandarasi kwenye msingi, mwaka hufungwa na fedha huondoka hata kama ukuta umefika kwenye linta. Kwa mishahara sababu ni tofauti: mara nyingi nafasi zina bajeti lakini hazina watu, ama kwa kuwa Tume ya Utumishi ya Wilaya haina wajumbe wa kutosha kufanya kikao, ama kwa kuwa tangazo la kazi lilitolewa mwaka ukiwa ukingoni. Hilo ni la nyumbani. Wajumbe wa tume hiyo huteuliwa na baraza la wilaya kwa mapendekezo ya kamati yake ya utendaji na kwa kibali cha Tume ya Utumishi wa Umma, kwa hiyo muuguzi anapokosekana huku mshahara wake ukirudi Kampala, baraza lina jambo la kueleza.

Diwani wa Zamani alijibu:

Ninakubaliana na Mzee Mhasibu juu ya tume, lakini ningependa wananchi wajue pia tunachokalia huko barazani, kwa sababu wengi wakituona tumeshuka kutoka kwenye gari la wilaya hudhani tuna funguo za sanduku. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za wilaya hutoka serikali kuu. Katiba ya 1995, ibara ya 193, inataja ruzuku za aina tatu: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwa kweli ile yenye masharti ndiyo inayomeza karibu zote, nayo huja ikiwa imekwisha kuandikiwa kazi: hii ya mishahara ya walimu, hii ya madarasa, hii ya maji. Baraza huipitisha bajeti, lakini nafasi ya kuhamisha fungu kutoka huku kwenda kule ni finyu mno.

Mapato yetu wenyewe yalivunjika mgongo mwaka 2005 kodi ya kichwa ilipofutwa. Siitetei kodi ile, maana nakumbuka wanaume wakilala vichakani kuwakwepa askari wa sabukaunti, lakini kilichokuja baada yake hakikuziba pengo. Kodi ya huduma za mitaa iliyoanza 2008 haimtozi hata mwenye mshahara mnono zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwaka, na kodi ya hoteli iliyoanza pamoja nayo inawafaa wenye Jinja na Mbarara. Sisi wa vijijini tuna hoteli ngapi? Mapato yanayokusanywa na sabukaunti hugawanywa kisheria: asilimia 65 hubaki huko na 35 huenda wilayani, na katika ile 65, asilimia 25 inapaswa kushuka hadi LC1, yaani baraza la kijiji. Mwulize mwenyekiti wa kijiji chako ni lini alipokea fungu hilo mara ya mwisho.

Hata posho zetu, ambazo husemwa sana, zina kikomo: haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Mapato yakiwa madogo, baraza hushindwa kukutana kila baada ya miezi miwili kama sheria inavyotaka, na safari za kukagua miradi huwa za kuombaomba mafuta. Kumbukeni pia kwamba mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33, na leo ni 135 bila kuhesabu Kampala. Kila wilaya mpya ina mwenyekiti, spika, CAO na magari yake, lakini minada na masoko ya kutozwa ushuru hayakuongezeka kwa kiasi hicho.

Sista wa West Nile alijibu:

Mheshimiwa Diwani, nimekusoma kwa heshima, ila naona umetueleza kwa urefu yale yasiyo mikononi mwenu, na yale yaliyomo ukayapitia juu juu.

Ndugu Mkazi, dawa kweli si za wilaya. Tangu mwaka wa fedha 2009/10 fedha za dawa za vituo vya serikali zimewekwa kwa Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, ambayo hununua na kusambaza kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Kwa miaka mingi vituo vya daraja la pili na la tatu vimekuwa vikipokea makasha yaliyopangwa tayari, ilhali daraja la nne na hospitali huagiza kwa mahitaji yao. Ndiyo maana kituo kinaweza kujaa dawa zisizohitajika sana huku za malaria zikiisha mapema. Ukimfokea diwani kwa hilo, utakuwa umemwonea.

Lakini kabla ya kusema kwamba dawa hazikuletwa, omba kupitia kamati ya usimamizi wa kituo uonyeshwe hati ya kupokelea mzigo pamoja na kadi ya stoo. Kila dawa ina kadi yake yenye safu za tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio na saini. Katika kadi ya Coartem, ile dawa ya malaria, salio likishuka kidogo kidogo kila siku hadi sifuri, jueni imekwisha kwa wagonjwa. Likishuka kwa kasha zima siku moja na mahali pa saini pakawa peupe, hapo kuna swali, tena kubwa. Kamati hiyo ina wakazi wa eneo ndani yake, na katika vituo vingi wakazi hao hawajui kwamba kadi hizo wanaweza kuziomba.

Na mambo ya wilaya yapo. Muuguzi anayefika kazini saa tano ni mtumishi wa wilaya; ruzuku ndogo ya uendeshaji wa kituo hupitia wilaya na inapaswa kubandikwa ukutani kila robo mwaka; na baraza ndilo lenye kamati ya huduma za jamii inayotakiwa kufika kituoni na kuandika ilichokikuta. Taarifa ya baraza isiyosema kamati hiyo ilifika wapi ina upungufu, mafuta yawe yalipatikana au hayakupatikana.

Mwalimu Mkuu alijibu:

Naongeza dogo kuhusu ule ubao wenye wavu. Uchunguzi uliofanywa hapa kwetu ukifuatilia miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika fedha za ruzuku ya wanafunzi, ukiacha mishahara, shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu. Nyingine ziliishia ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika zilichopokea. Kufikia 2001 kilichofika shuleni kilikuwa kimepita asilimia 80. Wataalamu wamebishana baadaye kama sifa ni ya magazeti au ya mageuzi mengine yaliyokuja na elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na mimi naona yote mawili yalisaidia. Ila ninachojua ni kwamba mzazi anayekuja ofisini kwangu na picha ya tangazo kwenye simu hujibiwa tofauti na anayekuja na malalamiko matupu. Kaipige picha karatasi ile kabla mvua haijaifikia.

Mkazi wa Mpakani aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu na Sista. Nina mawili yaliyobaki. Mwenyekiti alitaja pia alama nzuri tulizopata kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Je, hizo ni sehemu ya ukaguzi? Na pampu ni ya nani? Pia wazee wa kijijini wanaulizia fedha zao za kila mwezi, kwa kuwa taarifa imeziweka chini ya huduma za jamii.

Mhasibu Mstaafu alijibu:

Alama hizo si za ukaguzi. Tangu 2017 Ofisi ya Waziri Mkuu huratibu tathmini ya kila mwaka ya utendaji wa serikali za mitaa, na matokeo yake huathiri sehemu ya ruzuku za maendeleo ambazo wilaya itapata baadaye. Hupima zaidi mifumo na taratibu: mpango upo, zabuni zilifuata utaratibu, taarifa zililetwa kwa wakati. Ukitaka kujua madiwani wenyewe walifanya nini, asasi ya ACODE imekuwa tangu 2009 ikichapisha kadi za alama za mabaraza, wenyeviti, maspika na madiwani, ingawa si kwa kila wilaya.

Fedha za wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi, ni za mpango wa SAGE chini ya Wizara ya Jinsia. Wilaya husaidia kuandikisha na kufuatilia, kwa hiyo jina likikosekana anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa sabukaunti. Fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (ngazi iliyo kati ya kijiji na sabukaunti), nazo huenda moja kwa moja kwenye SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi, usizichanganye na bajeti ya baraza.

Pampu ina wenyewe wawili. Matengenezo madogo ni ya kamati ya watumiaji wa maji, kwa michango ya kaya; ukarabati mkubwa unaweza kulipiwa na ruzuku ya maji ya wilaya, mradi kisima kiingizwe kwenye orodha. Mwulize afisa wa maji wa wilaya kama chenu kimo. Kama hakimo, ni diwani wenu anayepaswa kukisemea, na bajeti hupitishwa kabla ya mwisho wa Mei.

Kwa nyaraka, mwandikie CAO barua ukitaja sheria ya upatikanaji wa taarifa ya 2005, ambayo inampa siku 21 za kukujibu. Omba taarifa ya robo ya nne, kwa sababu hiyo hujumlisha mwaka mzima, pamoja na ripoti ya kamati ya hesabu za umma ya wilaya, ambayo hupitia ripoti za Mkaguzi Mkuu na za mkaguzi wa ndani na kupelekwa kwa baraza na kwa waziri. Peleka nakala mbili, na ile utakayobaki nayo igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe.