Naombeni ushauri: bawa la ndege ya rimoti limeyeyushwa na gundi, nitengeneze kwa vitu gani vya nyumbani?

KijanaWaTabata
Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa. Nimekwama na roho inaniuma.

Nina ndege ya rimoti ya stairofomu, bawa lina mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha. Niliinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama. Nimejifunza kuirusha taratibu kule Kigamboni, kila Jumamosi alfajiri navuka na pantoni nimeipakata kama mtoto. Wiki mbili zilizopita upepo uliisukuma ikagonga mnazi, bawa likakatika karibu na kiwiliwili. Nyumbani kulikuwa na gundi ya viatu. Nikapaka pande zote mbili, nikasubiri ishike. Kurudi baada ya dakika kumi nakuta stairofomu inajikunja na kudidimia yenyewe, kama sukari iliyomwagiwa chai. Palipokuwa na ufa sasa kuna shimo linaloingia ngumi.

Bawa jipya la kuagiza nje siliwezi kwa sasa, na mdogo wangu wa darasa la sita kila siku ananiuliza tutarusha lini. Nizibe na nini? Nasikia watu wanatumia vijiti vya mishikaki na kadi za zamani, ni kweli vinahimili? Na utepe ulioshika vibawa vya nyuma umeanza kubanduka.

Seremala_Buguruni
Pole sana mdogo wangu. Gundi ya viatu ina kiyeyusho ndani yake, na stairofomu haivumilii kiyeyusho. Petroli, thina, rangi nyingi za kupuliza na supagluu ya kawaida, zote zinaila. Kabla ya kupaka kitu chochote, jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, usubiri nusu saa.

Bawa linapona. Usijaze lile shimo na gundi. Chukua wembe mpya, kata sehemu yote iliyoyeyuka mpaka upate kingo safi zilizonyooka, yaani shimo la mraba. Halafu tafuta stairofomu ya boksi la TV au friji, maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo wanaitupa. Chonga kipande kibane kwenye shimo, kizidi kidogo juu, utakisugua na msasa laini baadaye.

Gundi ni ile nyeupe ya sisi maseremala. Ila ujue inakauka kwa maji kutoka, na katikati ya stairofomu maji hayana pa kutokea. Paka nyembamba, funga na raba bendi, acha siku nzima. Ukiwa na haraka tumia epoksi ya mirija miwili, hiyo haiyeyushi.

Vijiti vya mishikaki vinahimili sana, mianzi ni mti wa ajabu. Chana mifereji mitatu inayopita juu ya kiungo, laza vijiti na gundi. Angalia hapa: vijiti visiishie mstari mmoja. Kimoja kitangulie, kingine kifuate, cha tatu kipite. Vikiishia pamoja, ndege ikigonga tena itakatika palepale vinapoishia.

MamaNdege
Kaka Seremala amemaliza la bawa. Mimi nina la vibawa na la betri.

Utepe haubanduki kwa joto peke yake, chini yake kuna mafuta ya vidole na chumvi. Bandua wote, futa na spiriti ya duka la dawa, acha pakauke. Tumia selotepu pana ya kufungia maboksi. Acha mwanya mdogo kati ya bawa na kibawa, unene wa kadi ya benki unatosha, bandika upande wa juu. Kisha kunja kibawa kilale juu ya bawa, bandika utepe wa pili kwa upande wa chini uliofunguka ili gundi mbili zikutane kwenye ule mwanya. Bawaba ya namna hii kwangu imekaa misimu miwili.

Kadi ya benki iliyoisha muda ni kweli kabisa. Unene wake ni milimita 0.76, ni ngumu na haipasuki kirahisi. Kata pembetatu, toboa kwa sindano ya moto, unapata kile kipembe ambacho waya wa sevo, yaani kimota kidogo kinachochezesha kibawa, unakivuta. Waya ukipotea, spoki ya baiskeli ni chuma cha milimita 2, ikunje kwa plaizi.

Kwenye betri usibane matumizi hata kidogo. Chaja iwe ya LiPo, yaani betri za lithiamu polima, inayosawazisha seli. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, ukiiweka bila kutumia iwe 3.8, na usiirushe mpaka chini ya 3.5. Mimi nachajia ndani ya chungu chenye mchanga mkavu, bila mfuniko, kwenye sakafu ya saruji, na nakaa palepale mpaka imalize.

Simu_na_Betri
Betri ikivimba unaitoboa na sindano hewa itoke, unafunga na selotepu. Simu nimezifanyia sana.

MamaNdege
Ndugu yangu hapana, nakuomba usimfundishe hivyo. Sindano ikigusanisha matabaka ya ndani, betri inajipiga shoti na kuwaka, na moshi wake ni sumu. Huyu ana mtoto wa darasa la sita pembeni. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Inawekwa nje, kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba.

Simu_na_Betri
Nimeelewa dada. KijanaWaTabata, usifuate nilichoandika.

Mvuvi_wa_Feri
Mizani hamjaitaja. Bawa limeongezwa gundi na vijiti, kwa hiyo ndege imebadilika, usiirushe hivihivi. Pima upana wa bawa kutoka mbele kwenda nyuma. Kama ni sentimita 20, ndege ikae sawa kwenye vidole viwili ukiishika sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, ongeza chubwi puani, zile ndogo za mishipi zinauzwa pale Feri. Gundi ya mkiani ipake kidogo sana: mkia ukiwa mbali mara tatu kuliko pua, gramu 10 za mkiani zinadai gramu 30 puani.

Na ukitua ufukweni, mota inanasa chembe nyeusi za chuma kwenye sumaku zake. Ukipuliza hazitoki. Gusagusa na selotepu, zinafuata. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, vitie kwenye boksi la rimoti.

Kusi ikianza nenda mapema, ikifika saa nne asubuhi upepo umeshika. Na Tabata penyewe usirushe, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko karibu mno. Kibali ulizia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

KijanaWaTabata
Wakuu, Mungu awabariki. Nimekata shimo jana usiku, kipande cha boksi la friji kimebana vizuri. Vijiti vitatu vimelala, raba bendi nane, nimepiga marufuku mtu kugusa mpaka kesho jioni. Mdogo wangu amekata pembetatu nne za kadi mwenyewe, mbili zimetoka sawa.

MamaNdege, sindano ya moto inaacha tundu pana, waya unachezacheza. Nifanyeje?

MamaNdege
Toboa tundu dogo kuliko waya, bila moto, kwa kuzungusha ncha ya sindano taratibu. Kisha ulazimishe waya upite. Mpe mdogo wako afanye hiyo kazi, vidole vyake ni vyembamba.