Kuitenga kampuni tanzu ya programu na kampuni mama: tuanzie wapi?

Njiro_Data:
Wakuu, salaam. Kampuni ya utalii hapa Arusha inamiliki 100% ya tanzu yenye programu ya kupokea oda za safari na hoteli. Tanzu inakua haraka kuliko mama. Wanahisa wanataka wagawiwe hisa zake moja kwa moja, kisha aingie mwekezaji. Tuanze BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) au TRA (mamlaka ya kodi)?

Wakili_Themi:
BRELA iko mbali bado, mkuu. Kwanza jueni msimbo (code) wa programu ni wa nani. Mara nyingi waandishi wake wana mkataba na mama, jina la tovuti limesajiliwa kwa mama, seva inalipiwa kwa kadi ya mama. Mwekezaji akikuta hivyo hasogei. Andikeni hati ya kuhamishia haki zote kwenye tanzu, na kila aliyeandika asaini, hasa waliofanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea.

Halafu taarifa za pasipoti za wageni zilizo kwenye programu: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tanzu ijisajili PDPC (Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi) kwa jina lake, na watu wa mama wafungiwe hifadhidata. Kampuni nyingine za utalii haziwezi kuweka orodha ya wateja wao mikononi mwa mshindani, na hao ndio soko lenu.

Mhasibu_Sakina:
Kodi ndiyo inayouma. Mama akigawa hisa hapokei hata shilingi, lakini huhesabiwa amezitoa kwa thamani ya soko, na faida hiyo inaingia kwenye kodi ya mapato ya kampuni, 30%. Kwa mwanahisa ni gawio, kuna kodi ya zuio (inayokatwa na anayetoa gawio), kwa kawaida 10%, na zuio hulipwa kwa fedha taslimu. Tengeni fedha hiyo mapema. Mipango mingi hukwama hapo. Chukueni ripoti ya mthamini huru, maana bei ya mwekezaji ikishaandikwa ni vigumu kutetea bei ya chini.

Mwekezaji akichukua zaidi ya 50%, hesabu ni nyingine: tanzu yenyewe inaweza kuhesabiwa kikodi kuwa imeuza mali zake zote.

Njiro_Data:
Asante sana. Na wafanyakazi?

Wakili_Themi:
Wakubali kwa maandishi kuhamia tanzu, na tanzu itambue miaka yao ya nyuma. Bila hivyo mama atadaiwa kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10.

Pia andikeni mkataba wa huduma za mpito, ambazo mama ataendelea kuipa tanzu kwa muda: uhasibu, ofisi, bei, tarehe ya mwisho. PayPal (kampuni ya malipo) ilipotengwa na eBay (soko la mtandaoni) Julai 2015, mkataba wao wa kibiashara ulikuwa wa miaka mitano. Kwenu miezi 12 inatosha.