Marudio ya dhahabu Handeni: yapelekwe kwenye sayanidi au yazuiwe?

Mleta hoja, Tanga Mjini

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo tumewaachia wachimbaji na wanunuzi peke yao kwa muda mrefu. Huko Handeni na Kilindi, penye maduara (mashimo) ya dhahabu, yamebaki malundo ya marudio, yaani mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa karashani (kwenye mashine ya kusagia mawe), kuoshwa mwaloni (mahali pa kuoshea) na kuchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Kwa kuwa zebaki kwa kawaida hunasa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, wenye mitambo huyanunua marudio hayo na kuyachenjua upya, yaani kutoa dhahabu iliyobaki, kwa sayanidi, kemikali yenye sumu.

Msimamo wangu ni kwamba marudio yasiguswe na sayanidi kabla zebaki haijatolewa. Sayanidi haichagui, huyeyusha dhahabu na huyeyusha zebaki vilevile, hivyo ile iliyokuwa imetulia chini ya lundo kama matone mazito hugeuka kitu kinachosafiri na maji. Sayanidi yenyewe huvunjwa na jua baada ya muda, lakini zebaki haiozi. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unautaja utaratibu huu wa kutia sayanidi kabla ya kutoa zebaki miongoni mwa vitendo vya kukomeshwa, pamoja na uchomaji wa zebaki katika makazi ya watu.

Najua nitaambiwa kwamba Handeni si Kabwe, na ni kweli. Mgodi wa madini ya risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulikuwa mkubwa na ulifanya kazi tangu mwaka 1906 hadi 1994. Sisi tuna malundo madogo madogo yasiyo na mwenyewe. Hata hivyo, watoto waliozaliwa Kabwe baada ya mgodi kufungwa nao wamekutwa na sumu ya madini hayo ya risasi katika damu, kwa sababu vumbi halikufungwa pamoja na mgodi.

Nilipokwenda kumsalimu shemeji yangu huko Handeni, nilikuta amesawazisha ua kwa marudio aliyoletewa bure kwa mkokoteni: mchanga laini wa kijivu, usioota hata jani. Asubuhi binti yake aliufagia ua kwa ufagio wa chelewa, vumbi likatua juu ya sufuria zilizokuwa kichanjani, na mdogo wake anayetambaa ameketi papo hapo akilamba kijiko. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba huo ni mchanga tu.

Mchangiaji, Handeni

Ndugu mleta hoja, heshima yako. Mimi ninaishi na malundo hayo, na nina mashaka mawili. Kwanza, kwetu ni pakavu. Vijito vingi huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, sasa hiyo sumu itasafiri kwa maji gani? Pili, ukimzuia mwenye mtambo, lundo litabaki pale pale nyuma ya nyumba, ilhali yeye angalau analibeba. Akina mama waliojaza marudio kwenye viroba wanategemea mauzo hayo kulipia sare na madaftari. Mzuiaji anayekaa mjini hapotezi chochote.

Mchangiaji, Pangani

Naongeza swali moja tu. Zebaki ikifika kwenye tope la mto au bahari, vijidudu huigeuza kuwa aina inayojilimbikiza katika samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao, kama papa. Sitaki kuwatisha wateja wetu wa samaki, lakini nauliza: aliyechimba hayupo, basi nani atalipa?

Mleta hoja

Ndugu yangu wa Handeni, shaka lako la pili limenigusa, na nakubali kwamba sikulipima vya kutosha. Lundo likiondoka ni bora kuliko likibaki. Ninachokataa ni lipelekwe kwenye sayanidi likiwa na zebaki yake, wakati yapo mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha ambayo hunasa sehemu ya zebaki hiyo tope likipitishwa juu yake. Hayanasi yote, lakini leo mitambo mingapi inajaribu?

Kuhusu ukavu, naona kinyume chake. Palipo pakavu lundo halioti nyasi za kulifunika, upepo hulipeperusha, na mvua ya kwanza ya vuli hukokota kila kilichokusanyika hadi kwenye lambo, ambako bomba linalotoka mto Pangani halijafika na watu huchota pamoja na ng'ombe.

Kuhusu malipo, mgodi mkubwa hutakiwa kuweka dhamana ya kurekebisha ardhi, ila mchimbaji mdogo haweki. Napendekeza itozwe ada kwa kila tani ya marudio inayopokelewa mtamboni, imkate mwenye mtambo na si mama mwenye viroba, kwa sababu faida kubwa iko kwake. Fedha za ada hiyo zianze kwa kusafisha nyua. Huko Zamfara, Nijeria, ambako mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi iliyotokana na mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, ilibidi udongo wa nyua ukwanguliwe na kuletwa mwingine safi, kwani mtoto aliyetibiwa na kurudishwa kwenye ua uleule angeugua tena. Marudio ya uani kwa shemeji yangu hayajazi hata tani mbili, na hakuna mwenye mtambo atakayetuma gari kuyafuata.