Mjadala: Vijana waoneshwe "Girl, Interrupted" pale Mkunguni, au waachane nayo?

Mkaa Langoni
Assalaam aleikum jamaa. Kuna vijana wetu hapa Amu, yaani Lamu, wamepanga kutundika shuka na kuleta projekta pale Mkunguni, mbele ya ngome, ili kuwazindua wenzao kuhusu maradhi ya akili. Nia yao njema, sina neno nayo. Kinachonikera ni picha waliyoichagua: Girl, Interrupted ya mwaka 1999, iliyoongozwa na James Mangold. Mimi nasema waiache.

Kwa asiyeijua: Susanna ni binti wa miaka 18 huko Marekani, miaka ya 60 inakaribia kwisha. Amejaribu kujiua. Anazungumza na daktari kidogo tu, mara yumo ndani ya teksi anapelekwa hospitali ya akili. Huko anakutana na Lisa, mkorofi asiyeogopa mtu. Kisa kimetoka kwenye kitabu cha kumbukumbu za Susanna Kaysen mwenyewe, aliyelazwa hospitali ya McLean, Massachusetts, mwaka 1967 na kukaa karibu miaka miwili.

Winona Ryder anacheza vizuri, na Angelina Jolie alipata Oscar kwa kumcheza Lisa. Hilo silipingi, na ndilo linalonitia wasiwasi. Mle ndani Lisa ndiye pekee mwenye uhai. Anatoroka, anacheka, anawajibu madaktari apendavyo. Binti wa miaka 15 akitoka pale hatamani kupona, anatamani kuwa Lisa.

Halafu kuna lile la bafuni. Muuguzi Valerie, yaani Whoopi Goldberg, anamtupa Susanna kwenye maji baridi na kumwambia kwamba yeye ni mtoto mvivu, aliyedeka, anayejitia wazimu kwa mikono yake. Na picha inataka tumshangilie muuguzi! Baada ya hapo binti anashika daftari, anaandika, anaongea na daktari, amepona. Jamani, si haya haya tunayoyasikia vibarazani? "Yule ajitia tu." "Aolewe, atatulia." Ikiwa Hollywood nayo yasema hivyo, tumemzindua nani?

Kaysen mwenyewe hakuipenda. Alilalamika kuwa mwongozaji ametia vituko vya kubuni, kama Susanna na Lisa kutoroka pamoja, jambo ambalo kitabuni halimo.

Mwana wa Shela
Kakangu, umeikaba koo. Picha ni picha, si somo la udaktari. Niliitazama na mdogo wangu kwenye simu, tumefunika kichwa kwa leso ili mama asisikie, na ilipokwisha akaniambia mambo ambayo hajapata kumwambia mtu. Kwa hilo tu naipa alama zangu. Mwite daktari atoe hotuba Mkunguni saa mbili usiku uone nani atabaki. Punda watabaki.

Muuguzi Mstaafu
Wanangu, nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi, si hapa Lamu. Mwana wa Shela, mdogo wako nimefurahi alisema. Lakini hebu niwaambie kisichooneshwa kwenye picha ile, maana mimi ndicho nilichokuwa nikikisubiri mpaka mwisho.

Dawa zimo, wasichana wanapanga foleni kila usiku na kumeza. Lakini hakuna anayeeleza kidonge hufanya nini mwilini. Mfano ni haloperidol, dawa ya maradhi makali ya akili ambayo hospitali zetu huitumia sana. Kuna wagonjwa ambao siku za mwanzo shingo huwapinda upande, taya hukaza, macho hupanda juu yakaganda. Inatisha. Ni athari ya dawa, na ipo dawa ya kuiondoa, benzhexol. Mara nyingi shingo hurudi mahali pake upesi. Sasa mama aliye nyumbani ambaye hakuambiwa lolote, akimwona mwanawe hivyo usiku, atasema nini? Atasema jini limepanda kichwani. Vidonge vyatupwa asubuhi ile ile, na mgonjwa harudi tena kliniki.

Dawa za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, nazo zataka subira. Wiki mbili, nne, hata zaidi kabla mtu hajahisi nafuu, ilhali kichefuchefu huja wiki ya kwanza. Wengi huacha hapo. Na anayetoka Faza au Kizingitini kufuata dawa mjini, kusi ikivuma na bahari ikachafuka, anakaa kwao. Vidonge vimekwisha, boti haiondoki. Picha gani imewahi kuonesha hilo? Watengeneza picha wanapenda bafu la maji baridi kwa sababu linamalizika kwa dakika tatu.

Maalim wa Mkomani
Naomba msitufanye sisi adui. Mtoto akiletwa kwangu namsomea, na kombe namwandikia, yaani aya za kuoshwa kwa maji anywe, kisha namwambia baba yake ampeleke hospitali. Dua haijakataza kidonge.

Bin Matondoni
Maalim, wewe ndiyo. Wapo wanaomfunga mtoto wa watu kamba na kutoza pesa juu yake. Hao tuwasemeje?

Maalim wa Mkomani
Hao wasemeni. Sikuwatetea.

Msoma Sheria
Neno moja. Mpaka juzi tu, aliyenusurika kujiua hapa Kenya alikuwa mkosaji. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimwekea kifungo cha hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Familia nyingi zilificha binti zao kwa kuogopa polisi, si aibu peke yake. Susanna wa kwenye picha alitiwa teksi. Wa kwetu angeweza kutiwa landrova. Vijana wakitaka mazungumzo baada ya picha, waanzie hapa.

Mkaa Langoni
Bi Muuguzi, umenena nililoshindwa kulinena. Mwana wa Shela, mdogo wako alifunguka kwa sababu wewe ulikuwa kando yake chini ya leso. Mkunguni atakuwa na nani? Kuna onyesho la Daisy, binti aliyetoka hospitali, Lisa anamchokonoa kwa maneno usiku, asubuhi anakutwa amejiua, na kamera haigeuki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengeneza filamu mwaka 2019: njia ya kujiua isioneshwe, msaada uoneshwe. Marekani kwenyewe picha hii ilipewa alama ya R, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Sisi tutaiweka uwanjani, watoto wa chuo cha Qurani wakipita na sambusa mkononi?

Kijana wa Projekta
Ami, mimi ni mmoja wa tunaopanga. Uwanja tumeufuta, tutafanya ndani, wa miaka 18 na zaidi. Picha hatubadilishi, tumeshaitangaza, na wasichana ndio walioiomba. Bi Muuguzi, waweza kuja? Nauli ya boti juu yetu.

Muuguzi Mstaafu
Nitakuja, baada ya isha. Lakini la Daisy mlikate, na bafu likifika msimamishe nizungumze. Wakipiga kelele, wapige.

Mwana wa Shela
Watapiga.