Mama anaumwa na anaogopa kufa kwa sababu ya bahasha za kanisani. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni.

Mama ana miaka 74, moyo unamsumbua. Nimechukua likizo nimuuguze huku kijijini. Juzi usiku alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi Mungu hanipokei, nina deni." Nikadhani ni deni la dukani. Kumbe ni bahasha za ahadi za miaka miwili. Mzee wa kanisa (dhehebu nisilitaje) alikuja kumjulia hali, na wakati anaaga akamkumbusha kwamba asiyemaliza ahadi na asiyeonekana jumuiya, mchungaji haji kumzika. Mama hawezi kupanda kile kilima, na huyo mzee anajua.

Tangu siku hiyo hata uji hagusi. Analala akihesabu: kanisa nimelifagia miaka mingapi, harambee nimepika ngapi. Akimaliza anasema hazitoshi.

Kipaimara tulifundishwa kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Nimwelezeje mgonjwa asione namfariji tu? Na lile deni nilipe, au nikilipa ndiyo nimeithibitisha hofu yake?

Kinyozi wa Mtaa
Lipa mkuu, yaishe. Utabishana maandiko jeneza liko uani?

Mwinjilisti Mstaafu
Pole sana kijana wangu. Huyo Kinyozi ana hoja kuhusu msiba, lakini mama haulizi habari za msiba.

Ahadi ni ya kuendesha kanisa: posho za wainjilisti, bati, umeme. Nauli ya mbinguni siyo. Ugomvi wa 1517 kule Wittenberg, Ujerumani, ulianzia hapa hapa, pale Martin Luther, yule mtawa ambaye Walutheri wanatokana naye, alipoona watu wanauziwa vyeti vya rehema, yaani vya kufutiwa adhabu ya dhambi, hata kwa ajili ya marehemu wao. Efeso 2:8-9 inasema wazi kuwa ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu.

Ila chunga jambo moja, na nimeliona kwa wagonjwa wengi. Ukimwambia "amini tu", ataanza kuipima imani yenyewe kama alivyokuwa anahesabu harambee, aone nayo haitoshi. Mwambie akumbuke alivyokuwa anakubeba wewe mgongoni. Hukuanguka, na siyo kwa sababu ulikuwa umemshika vizuri. Ulikuwa umesinzia. Mbeleko ndiyo iliyokushika.

Mkatoliki wa Songea
Shikamoo mwinjilisti. Yakobo 2:24 mmeiruka? Anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Na "peke yake" ya Warumi 3:28 Luther aliiongeza mwenyewe kwenye Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522, kwenye Kigiriki haimo.

Lakini uzi una mgonjwa, sitaki ligi. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu hutukubali kwa neema tu, si kwa stahili yoyote tuliyo nayo. Wamethodisti wakaungana nao 2006. Kwa hiyo hata padri wetu ukimuuliza kama bahasha inaokoa, atakwambia hapana.

Mwinjilisti Mstaafu
Marahaba. Hatujairuka, ila rudi nyuma kidogo, mstari wa 15 na 16. Yakobo anamsema anayemwambia ndugu mwenye njaa "nendeni zenu mkashibe" asimpe kitu. Hilo linamhusu mzee wa kanisa aliyekuja kwa mgonjwa mikono mitupu akaondoka ameacha hofu. Mama aliyepika harambee halimhusu.

Kinyozi wa Mtaa
😂😂 Hapo umemaliza.

Mama Kulwa
Mdogo wangu, usimsomee mistari kumi, atachoka. Msomee Luka 23, yule mhalifu msalabani. Mikono imepigiliwa, hana sadaka, jumuiya hajawahi kufika, na muda wa kutenda jema lolote hana. Alichoweza ni kuomba akumbukwe. Soma polepole, kisha nyamaza.

Halafu nenda kwa mchungaji mwenyewe, wazee huongeza chumvi. Bahasha usianze nayo. Muulize lini atamletea mama Meza ya Bwana nyumbani. Kulipa utalipa baadaye kwa moyo wako, na mama asijue.

Mtoa mada
Wakuu, asanteni. Mrejesho.

Mchungaji anakuja Alhamisi. Kasema habari ya kutozikwa yeye hakuituma, ingawa aliangalia chini wakati anasema.

Ya mbeleko ilimchekesha mama, akasema mimi nilikuwa mzito na nilikuwa nakojoa. Jana jioni nikamsomea Luka 23. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Na huyo naye, alizikwa na nani?"

Nimekosa jibu. Ila uji amekunywa, kikombe kizima.