Kujaza bia ya kegi kwenye chupa bila kupoteza gesi

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Habari zenu, ndugu. Ninapika bia ya shayiri nyumbani na kuihifadhi kwenye kegi (pipa la bia linalosukumwa na gesi) ya lita 19 ndani ya friji. Ningependa kupeleka chupa chache kwenye harusi ya binamu yangu Lindi, lakini kila nikijaza kwa bomba la kawaida povu hufurika, na kesho yake bia huwa imeisha gesi. Nifanyeje?

Mpishi wa Mikindani
Ndugu yangu, chanzo ni joto. Kabonidayoksaidi hutulia ndani ya kinywaji baridi na hutoroka kinapopata joto, kwa hiyo bia ya nyuzi 3 ikimiminwa kwenye chupa iliyokaa katika hewa yetu ya nyuzi 30 lazima itoe povu. Osha chupa, ziue vijidudu, kisha ziweke kwenye friji usiku kucha pamoja na mrija wa kujazia. Wakati wa kujaza, funga gesi inayoingia kwenye kegi na uachie presha yake hadi ibaki kama bar 0.3 (bar ni kipimo cha presha). Mrija huo uwe mgumu, utoke kwenye bomba la kegi na kufika chini kabisa ya chupa, uupitishe katika kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa chupa. Bia ikiingia, hewa iliyomo itabanwa na mtiririko utasimama. Hapo legeza kizibo kidogo upande mmoja, hewa itoke polepole. Presha hiyo ya chupani ndiyo inayoizuia gesi isitoroke, na mashine za bei kubwa hutumia kanuni hiyohiyo.

Fundi wa Nachingwea
Naafiki. Naomba tu usilifute povu dogo linalobaki juu: funga kisoda juu yake, kwa kuwa limeshaifukuza hewa, na oksijeni huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Nashukuruni sana. Je, chupa zitastahimili safari ya zaidi ya kilomita 100?

Mpishi wa Mikindani
Zitastahimili, mradi ziwe chupa za bia za kahawia na si za sharubati, maana bia yenye presha ya bar 0.8 kwenye friji huvuka bar 2 ikifika nyuzi 30. Zisafirishe kwenye deli lenye barafu. Usiongeze sukari, na hakikisha bia ilimaliza kuchachuka kabla ya kuijaza, la sivyo hamira itaamka kwa joto na chupa zitapasuka.