Fundi ameondoa swichi ya kiti kwenye mashine ya kukata nyasi ya kuendesha: je, tuirudishe?

Katibu_wa_Mtaa aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika mtaa mmoja ulio kando ya Barabara ya Kiambu, na ninaomba ushauri wa watu wanaozifahamu mashine za kukata nyasi za kuendesha, zile ambazo dereva huketi juu yake kama kwenye trekta ndogo. Tuna uwanja wa pamoja wa takriban ekari 3. Nusu yake ni tambarare, ndiko watoto wanakochezea mpira jioni, na nusu iliyobaki inateremka hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua uliojengwa kwa mawe. Masika yanapoingia, nyasi za kikuyu hukua kwa kasi inayowashinda vijana wenye mashine za kusukuma, na ndiyo sababu mwezi wa Januari wakazi walichanga fedha, tukanunua mashine ya kuendesha iliyokwisha kutumika.

Tatizo lilianza mapema. Kila mara kijana wetu alipopita juu ya vichuguu vya fuko, injini ilizimika ghafla, naye akalazimika kuiwasha upya. Tulimwita fundi, akasema kwamba kinachosumbua ni swichi iliyo chini ya kiti. Akaikata, akaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja, na tangu siku hiyo injini haijazimika tena. Wanakamati walifurahi. Lakini juma lililopita nilimwona kijana huyo akishuka kuondoa tawi la mjakaranda lililokwama, injini ikinguruma na visu vikizunguka hatua moja kutoka miguuni pake. Nilipolisema jambo hili kikaoni, nilijibiwa kwamba yeye ni mtu mzima na anajua anachofanya.

Naomba mnieleze swichi hiyo ina kazi gani hasa, na kama inaweza kurudishwa bila injini kuzimika kila baada ya dakika 5. Nitashukuru pia kusikia kuhusu kukata nyasi kwenye mteremko, na kuhusu huduma ya mashine kwa jumla, maana tuliuziwa bila kitabu cha maelekezo, na siku hizi inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu penye nyasi ndefu.

Fundi_Injini_Ndogo alijibu:

Dada Katibu, ninakusihi mashine hiyo isitumike tena hadi swichi irudi mahali pake.

Karibu mashine zote za aina hii zimeundwa ili umeme wa plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini, ukatike mara dereva anapoinuka kitini huku visu vikiwa vimewashwa, au huku breki ikiwa haijafungwa. Kazi ya swichi ni kuhakikisha kwamba visu havizunguki pasipo mtu kitini. Dereva akirushwa na shimo, akiteleza au mashine ikianza kupinduka, hana nafasi ya kutafuta ufunguo. Swichi inamfanyia uamuzi huo kabla hajafika chini. Fundi aliyeunganisha nyaya hakutengeneza chochote. Aliondoa dalili, akauacha ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wenyewe kwa kawaida ni mdogo. Kwanza, tazama kiunganishi cha nyaya chini ya kiti. Mashine inayooshwa kwa mpira wa maji na kuachwa nje hupata kutu hapo, na mtikisiko kidogo tu hutosha kukata mawasiliano. Pili, viti vingi vina springi zinazoweza kurekebishwa kulingana na uzito wa dereva. Ikiwa mwenye mashine wa kwanza alikuwa mtu mzito na kijana wenu ni mwembamba, kila tuta litamwinua kidogo na swichi itadhani ameondoka. Tatu, swichi yenyewe huzeeka. Fundi mwenye mita ya umeme ataipima kwa dakika chache, na swichi mpya ni kifaa kidogo cha bei nafuu kuliko belti ya visu. Nne, na hili ndilo watu wengi hulisahau, huenda kijana anakwenda kwa mwendo mkubwa mno penye vichuguu. Fuko huinua udongo wenye mawe madogo, na kisu kinachopita hapo hupoteza makali siku hiyo hiyo. Visambazeni vichuguu kwa reki kabla ya kuanza.

Mkishairejesha, fanyeni jaribio hili mahali tambarare pasipo na mtu karibu: dereva aketi, awashe injini, awashe visu, kisha ainue mwili kidogo kutoka kitini bila kushuka. Injini lazima izime. Jaribio hilo lifanywe kila siku kabla ya kazi, kama vile dereva wa gari anavyopima breki.

Kuhusu moshi mweusi, anzeni na kichujio cha hewa. Kikiziba, injini hupata mafuta mengi na hewa kidogo. Kipande cha sponji kioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa takriban kila baada ya saa 25 za kazi, na miezi ya vumbi mapema zaidi. Kichujio cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa. Ikiwa kichujio ni safi na moshi bado upo, kumbukeni kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake hapa ikilinganishwa na pwani. Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, ikiwa imepangwa kiwandani kwa maeneo ya chini huchanganya mafuta mengi kuliko yanayohitajika, na watengenezaji kadhaa wa injini hizi huagiza marekebisho ya kabureta kuanzia mita 1,500 hivi. Fundi wa kabureta atawawekea jeti ndogo zaidi, yaani kile kitundu kinachopitisha mafuta.

Jambo jingine linalohusu huku kwetu hasa: vitabu vingi vya mashine hizi viliandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako mtu hukata nyasi miezi michache, kisha huifungia mashine. Ndiyo maana husema «badilisha oili kila saa 50 au mara moja kwa msimu». Nairobi nyasi hazilali. Wekeni daftari kwenye chumba cha mashine, dereva aandike saa alizofanya kazi kila siku, na hesabu ya huduma ifuate saa hizo. Kiwango cha oili kipimwe kila asubuhi, mashine ikiwa tambarare na injini ikiwa baridi.

Mzee_wa_Viwanja alijibu:

Nimetunza viwanja vya gofu na vya shule hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, na ninaandika kwa sababu ya kijana huyo aliyeshuka kuondoa tawi. Nilikuwa na mwenzangu aliyefanya vivyo hivyo, kwenye mashine iliyokuwa imeondolewa swichi hiyo hiyo. Alikuwa hodari kuliko sisi sote. Nyasi zilikuwa na umande, akateleza, mguu ukaingia chini ya kasha la visu, na akapoteza vidole vitatu. Sijawahi kusahau jinsi injini ilivyoendelea kunguruma huku tukimkimbilia.

Kwa hiyo, Katibu, mfundishe kijana mfuatano huu mpaka uwe mazoea: azime visu, afunge breki ya kuegesha, azime injini, atoe ufunguo autie mfukoni, kisha angoje visu visimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya kuzimwa. Hapo ndipo ashuke. Na asiingize mkono chini kuondoa nyasi zilizoganda, atumie kijiti.

Kuhusu mteremko, mashine ya kuendesha hukata kwa kupanda na kushuka, haikati kwa kukingama. Ile ya kusukuma ni kinyume chake, na ndiyo maana vijana waliozoea moja huikosea nyingine. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 15. Chukua ubao wa urefu wa mita 1, uweke ncha moja ardhini upande wa juu wa mteremko, usawazishe ubao kwa pimamaji, kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini hadi ardhini. Ukipata zaidi ya sentimita 27, mashine isipite hapo. Hata pakiwa chini ya hapo, mashine isiyoweza kupanda mahali kwa kurudi nyuma haina kazi mahali hapo. Dereva asigeuze kwa ghafla, asiache gia huru akishuka, wala asikate nyasi zenye maji. Karibu na mtaro wenu wa mawe, acheni nafasi isiyopungua upana wa mashine 2, na ukanda huo ukatwe kwa mashine ya kusukuma au kwa fyekeo. Ukingo wa mtaro hubomoka baada ya mvua, na mashine ikianguka humlalia dereva. Ikiwa mashine ina chuma cha kumkinga dereva inapopinduka, mkanda wa kiti ufungwe. Ikiwa haina, mkanda usifungwe, ili aweze kuruka mbali.

Nimesoma pia kwamba watoto huchezea hapo. Ncha ya kisu huweza kwenda kwa kasi inayokaribia mita 96 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Jiwe au ganda gumu la mjakaranda likipigwa kwa kasi hiyo, hulijui litafika wapi. Uwanja utembelewe kwa miguu kwanza, mawe, nyaya na matawi yaondolewe, na kile kifuniko cha pembeni kinachoelekeza nyasi chini kisifungwe juu kwa waya hata kama nyasi zinakwama. Mtoto akionekana uwanjani, visu vizimwe mara moja. Mtoto asipakatwe na dereva hata mara moja, kwa kuwa aliyepakatwa leo atakimbilia mashine kesho bila kuogopa, na dereva anayerudi nyuma hatamwona.

Mkazi_Syokimau alijibu:

Kwa heshima, Mzee, ninaona jambo hili linakuzwa. Mashine yangu haina swichi ya kiti kwa miaka 2 sasa, uwanja wangu ni tambarare, ninaiendesha mwenyewe na sijapata hata mkwaruzo. Dereva makini anatosha. Swichi hizi hututia gharama ya mafundi kila mwezi.

Fundi_Injini_Ndogo alijibu:

Ndugu yangu wa Syokimau, ninaamini kwamba wewe ni makini. Lakini swichi haikuwekwa kwa ajili ya siku unapokuwa makini. Iliwekwa kwa ajili ya siku nyuki wanapokuvamia ukiwa kitini, au tairi la mbele linapozama kwenye ufa wa udongo mweusi, na ninyi wa huko mnazijua nyufa za wakati wa kiangazi. Ikiwa swichi inaharibika kila mwezi, kuna maji au kutu mahali fulani, na fundi wako hajaifuata hadi chanzo chake. Nitafurahi ukieleza aina ya mashine, tuitafute pamoja.

Nimesahau visu, na hili ni la wote. Kabla ya kugusa kisu, waya wa plagi uchomolewe na kusogezwa mbali. Injini yenye silinda 2 ina plagi 2, na zote zichomolewe. Mashine ikiinuliwa, ishikiliwe na stendi imara, isiachwe juu ya jeki peke yake. Kisu kikishanolewa, kitundikwe kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande unaolala ni mzito, unolewe zaidi hadi pande zote mbili zilingane, kwa sababu kisu kisicho na ulinganifu hutikisa na kuua beringi. Kisu kilichopinda au kupasuka kitupwe. Ninajua mafundi wa jua kali watajitolea kukichomelea. Msikubali, kwa maana kiungo cha kuchomelea kikikatika kwa kasi aliyoitaja Mzee, kipande hicho ni risasi.

Afisa_Usalama_Kazini alijibu:

Katibu, iambie kamati yako kwamba kijana huyo ni mfanyakazi wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mashine iliyo salama, mafunzo na vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtwika mwajiri wajibu wa kumfidia anayeumia akiwa kazini na kumkatia bima. Kamati iliyojua kwamba kinga imeondolewa na ikanyamaza itakuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Mnunulieni viatu vigumu vyenye soli isiyoteleza, miwani na vizibo vya masikio. Petroli iongezwe injini ikiwa imepoa, na mtungi ujazwe ukiwa chini ardhini, si ndani ya gari.

Katibu_wa_Mtaa alijibu:

Ninawashukuru sana, na wewe Mzee, pole kwa yaliyompata mwenzako. Nilisoma maneno yako kikaoni jana jioni, na hakuna aliyepinga tena.

Leo asubuhi fundi mwingine amekuja. Kiunganishi cha nyaya kilikuwa na kutu ya kijani, na springi za kiti zilikuwa zimekazwa hadi mwisho. Amesafisha, akaweka swichi mpya, akalegeza springi. Tumefanya jaribio la kuinuka kitini mara 3, na mara zote injini imezima. Kisha kijana amepita juu ya tuta polepole bila tatizo. Tumepima mteremko kwa ubao: sehemu ya juu ni sentimita 19, lakini karibu na mtaro ni sentimita 34, na hapo tumechomeka vigingi vyekundu ambavyo mashine haitavivuka. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeziba kwa vumbi, ila moshi umepungua tu, haujakwisha. Jumamosi kabureta itafunguliwa, nami nitarudi kuwaeleza jeti iliyomo ni ya namba gani.